Kifungo cha maisha: mtu akishazoea jela, ndio kusema haumii tena?

Mwaka 2007 wafungwa 310 wa maisha huko Italia walimwandikia barua rais wa nchi yao, Giorgio Napolitano, wakiomba kitu ambacho ukikisoma haraka unaweza kudhani ni utani: walitaka kifungo chao kibadilishwe kiwe hukumu ya kifo. Sababu yao ni kwamba wamechoka kufa kidogo kidogo kila siku, bora wafe mara moja yaishe. Sasa weka hiyo pembeni uchukue na hii. Miaka michache baadaye, Uingereza, watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Cambridge (Ben Crewe, Susie Hulley na Serena Wright) walizunguka magerezani kuongea na watu waliofungwa maisha wakiwa vijana wa miaka 25 kushuka chini, na wote walikuwa wameshaambiwa na mahakama kwamba wasitegemee hata kufikiriwa kutoka kabla ya miaka 15 kuisha. Waliwahoji kwa kina watu 147. Walichokuta ni kwamba wenye hali mbaya kuliko wote ni wale walioingia juzi, halafu wale waliokaa muda mrefu, ambao mimi na wewe tungedhani vichwa vimeshaharibika kabisa, wengi walikuwa wametulia, wanasoma, wanasali, wanawashauri madogo wanaoingia, na wapo waliosema wazi kwamba wamekuwa watu wa maana kuliko walivyokuwa uraiani.

Sasa kipi ni kipi? Maana hawa na wale wako kwenye adhabu yenye jina moja.

Popote watu wanapobishana kuhusu hii ishu utakuta kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema jamaa wanazoea tu, binadamu ni kiumbe cha kuzoea, baada ya miaka mitano jela inakuwa kwao, anakula, anatibiwa, ana washikaji zake humo ndani, kwa hiyo kama ulitaka aumie basi umemfunga bure. Kambi ya pili inasema wewe acha hizo, hakuna anayezoea kitu kama kile, ni kumzika mtu akiwa hai, na ukiona ametulia ujue ameshakufa ndani zamani umebaki mwili tu. Mimi nimezisikiliza zote na ninaona zote zina ukweli lakini zote zinaisoma vibaya hiyo kitu inayoitwa kuzoea. Wa kwanza wanadhani kuzoea ni kuacha kuumia, wa pili wanadhani kuzoea hakupo. Ninavyoona mimi kuzoea kupo tena kwa nguvu sana, ila ni kitu cha kununua, na bei yake mara nyingi ndio adhabu yenyewe.

Kwanza tuelewane "maisha" ni nini maana hapa watu wanachanganya. Mtaani mtu akihukumiwa tunasema amekula mvua, mvua saba, mvua thelathini, na neno limekaa vizuri kwa sababu mvua inakuja inaondoka, unahesabu. Wa maisha hana cha kuhesabu, na hapo ndipo utofauti wake wote unapoanzia. Lakini hata hiyo "maisha" sio moja duniani. Ujerumani mtu akishamaliza miaka 15 anaweza kuanza kuangaliwa kama anaweza kutoka, kwa sababu mwaka 1977 Mahakama yao ya Katiba ilisema huwezi kumfunga mtu ukamnyima nafasi ya kweli ya kuona tena uhuru wake. Afrika Kusini ni baada ya miaka 25. Ureno walikifuta kifungo hiki tangu 1884 na nchi haijaanguka. Norway nao hawana, kwa makosa mengi makubwa mwisho ni miaka 21, ingawa kuna aina ya kifungo kinachoweza kuongezwa na kuongezwa tena kama mahakama inaona mtu bado ni hatari, kwa hiyo usije ukadhani wale ni malaika. Halafu upande wa pili kuna Marekani ambako hesabu za 2020 zilionyesha watu zaidi ya 200,000 wako kwenye kifungo cha maisha au cha miaka mingi kiasi kwamba ni yale yale, yaani karibu mfungwa mmoja kati ya kila saba, na zaidi ya 55,000 kati yao hawana nafasi ya paroli kabisa, yaani kuachiwa kwa masharti, wameingia ili wafie humo.

Na idadi inapanda. Kwa dunia nzima watafiti Dirk van Zyl Smit na Catherine Appleton walikadiria wafungwa wa maisha 479,000 mwaka 2014, wakati mwaka 2000 walikuwa kama 261,000. Sehemu ya sababu ni nzuri tu, nchi nyingi zimeacha kunyonga na lazima ziweke kitu pale kamba ilipokuwa. Kenya kwa mfano mwaka 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia watu zaidi ya 4,000 kutoka kunyongwa kwenda kifungo cha maisha, na 2016 Rais Uhuru Kenyatta akafanya hivyo kwa wengine 2,747. Ukiangalia kwa jicho hilo, kifungo cha maisha ni huruma, ni mtu alikuwa anasubiri kitanzi akaambiwa utaishi. Wale Waitalia 310 wangecheka kwa uchungu wakisikia hivyo.

Haya turudi kwenye mtu mwenyewe. Miaka ya mwanzo kila anayeisimulia anaelezea kitu kinachofanana na msiba, tofauti ni kwamba marehemu ni wewe mwenyewe. Mwili uko selo kichwa kiko nyumbani. Unaamka unadhani leo ni kesi, leo wakili atakuja, leo watagundua wamekosea hesabu. Wengi wanaishi kwa rufaa, na rufaa ina faida moja ambayo watu hawaisemi, inakupa tarehe, una kitu cha kusubiria, hata kama wewe mwenyewe moyoni unajua hakuna kitu pale. Hasira ni nyingi, kwa jaji, kwa shahidi, kwa rafiki aliyekutaja, na kwa wale walioua kweli kuna kitu kingine kizito zaidi, nacho ni kile kitendo. Hili la kitendo huwa halizungumzwi na kambi zote mbili. Ukiwa na miaka 19 umemuua mtu, kuna kifo cha mwenzako unatakiwa ukibebe na wakati huo huo kuna kifo cha maisha yako unakiomboleza, na ukilia hakuna anayeona una haki ya kulia. Wale watafiti wa Cambridge walikuta vijana wengi wa mwanzo wanakwepa kabisa kufikiria walichofanya, wanajificha kwenye madawa, kwenye vurugu, kwenye kulala, na baadaye sana ndipo baadhi wanaanza kukiangalia machoni.

Kinachobadilika baadaye ni nini hasa? Sio kwamba kuna siku moja mtu anaamka amekubali, hapana. Ni vitu vidogo vinajipanga. Anaacha kuhesabu miaka anaanza kuhesabu wiki. Anachagua vita vya kupigana, zamani askari akimjibu vibaya anawaka siku nzima, sasa anamwacha apite. Anapata kazi humo ndani, karakana, jikoni, maktaba, bustani, na kazi inampa saa, maana adui mkubwa wa jela ya muda mrefu sio mateso, ni mchana usio na umbo. Wanaosoma wanasoma kweli. Wanaoshika dini wanaishika mpaka mpaka, na hapa watu wa nje wanapenda kudharau, eti wote wakifungwa wanaokoka, lakini ukifikiria vizuri dini ni moja ya vitu vichache sana vinavyomwambia mtu kwamba bado ana kesho na kwamba kitendo chake kibaya kuliko vyote sio jina lake. Kama wewe ungekuwa pale ungeshika nini?

Kuna jambo limezunguka sana kwamba jela ndefu inaua akili. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Stanley Cohen na Laurie Taylor walikuwa wanafundisha kwenye kitengo cha ulinzi mkali cha gereza la Durham, Uingereza, na walikuta wafungwa wa muda mrefu wanajichunguza kila siku kama wanaanza kuharibikiwa, mtu akisahau jina anashtuka, ndio imeanza. Woga huo ulikuwa wa kweli. Lakini miaka ya 70 wanasaikolojia hapo hapo Uingereza walipowapima wafungwa wa muda mrefu hawakukuta akili imeporomoka kwa sababu ya miaka. Kambi ya kwanza wakisikia hivi wanashangilia, unaona, hawadhuriki. Ndugu zangu taratibu. Kipimo cha akili kinapima kama mtu anaweza kupanga maumbo na kukumbuka namba, hakipimi ni mara ngapi ameacha kuandika barua kwa sababu akipokea jibu halali usiku.

Na hapo ndipo penyewe. Mwaka 1978 mtafiti mmoja wa Uingereza, Barry Richards, aliwapa wafungwa wa muda mrefu orodha ya matatizo 20 waseme lipi ni kubwa, na lililokaa juu halikuwa chakula, wala askari, wala kuogopa wafungwa wenzao. Ni kummisi mtu. Tafiti zilizofuata nchi nyingine zimerudi na jibu karibu hilo hilo. Sasa fikiria mtu ambaye maumivu yake makubwa ni kuwakosa watu wake, na anatakiwa azoee. Atazoeaje? Kuna njia moja inayofanya kazi haraka, nayo ni kupunguza kuwapenda, au walau kupunguza kuwafikiria. Ndio maana unasikia mfungwa anamwambia mke wake asije tena, olewa, endelea na maisha. Watu nje wanasema jamaa ana roho ngumu, au wanasema ana roho nzuri sana, na yawezekana vyote viwili havipo, jamaa anajiokoa tu. Siku ya kutembelewa inampa furaha ya saa moja halafu inampa wiki mbili za kuugua, akapiga hesabu akaona hailipi. Akishakata hiyo kamba anatulia kweli, analala, anashiba, anacheka na wenzake. Askari wanaandika kwenye faili kwamba amebadilika. Mimi nauliza, hapo amepona au amejikata mguu ili mtego umwachie?

Mfano ambao kila mtu anaujua ni Nelson Mandela, aliyefungwa maisha Juni 1964. Mwanzoni kule Robben Island alikuwa anaruhusiwa barua moja na mgeni mmoja kila baada ya miezi sita. Mwaka 1968 mama yake akafa, 1969 mtoto wake wa kwanza Thembi akafa kwa ajali ya gari, na mazishi yote mawili alikataliwa kwenda. Huyu alikuwa anakimbia papo kwa papo ndani ya selo alfajiri kabla ya kuanza siku, alisoma, alilima bustani, kwa hiyo ukitafuta mtu aliyezoea kwa nidhamu ndio yeye, na ukitafuta mtu aliyelipa pia ndio yeye. Mwenzake Ahmed Kathrada, waliyehukumiwa pamoja, alipotoka alikuwa anaulizwa alikosa nini zaidi, na jibu alilolirudia ni watoto, maana kule watoto hawakuruhusiwa kuja kutembelea, miaka na miaka unaishi bila kuona mtoto mdogo. Sio nyama, sio muziki, ni kumuona mtoto. Ila niseme ukweli sipendi sana watu wanavyotumia hii stori kama kipimo, eti mbona Mandela aliweza. Wale walikuwa na chama, walikuwa na sababu, walikuwa wamekaa na rafiki zao, na nusu ya dunia ilikuwa inaimba majina yao. Kijana aliyemchoma mwenzake kisu kwenye ugomvi wa usiku hana lolote katika hayo, anaamka asubuhi na jina lake peke yake.

Wanawake nao ni habari nyingine. Kwenye ule utafiti wa Cambridge wanawake walionekana kuumia zaidi karibu kwenye kila kitu, hasa mambo ya watoto. Mwanamke aliyeingia na miaka 22 anajua kabisa kwamba siku akitoka, kama atatoka, huenda umri wa kuzaa umepita, na aliyeacha mtoto wa miaka miwili anajua kuna mtu mwingine anaitwa mama sasa hivi. Mwanaume anaweza kujidanganya kwamba ataanza upya akiwa na 50. Yeye hawezi.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho nadhani ndio kinaamua nani anazoea vipi, nacho ni kama mlango upo au haupo. Mwaka 2013 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, kwenye kesi ya Vinter na wenzake dhidi ya Uingereza, ilisema kumfunga mtu maisha bila njia yoyote ya kuangaliwa upya ni ukatili, na mmoja wa majaji akaandika kuhusu haki ya kuwa na tumaini. Zimbabwe 2016 Mahakama ya Katiba ikasema huwezi kumnyima mfungwa wa maisha nafasi ya kufikiriwa paroli wakati wafungwa wenzake wa miaka ya kuhesabika wanayo. Kenya Julai 2023 Mahakama ya Rufaa ikaona kifungo cha maisha kisicho na ukomo kinakiuka katiba ikampa mtu miaka 40 badala yake, halafu 2025 Mahakama ya Juu ikaitengua ikarudisha maisha. Mahakama nazo zinavutana kama sisi tu.

Wanaotetea tumaini wanasema mtu akiwa na mlango hata wa mbali atajitengeneza kuuelekea, na mimi kwa sehemu kubwa nakubali. Lakini tumaini nalo lina meno. Uingereza waliwahi kuwa na kifungo, kilianza 2005, ambacho mtu anapewa muda mfupi tu wa chini halafu anabaki ndani mpaka bodi ya paroli iridhike kwamba sio hatari tena. Walihukumiwa watu zaidi ya 8,000. Kuna waliopewa chini ya miaka miwili wakakaa zaidi ya kumi. Serikali ikakifuta 2012 lakini waliokuwa ndani wakaachwa humo humo, na makumi yao wamejiua. Mlango walikuwa nao! Kila mwaka au miwili wanapelekwa mbele yake, unafunguliwa kidogo, unafungwa. Unajua kuna wafungwa wa maisha wasio na paroli wanaosema afadhali wao kwa sababu angalau hakuna anayewachezea, wameshajua wanazeekea hapa wakaanza kuishi hapa. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema tumaini tu ndio dawa huwa nasita. Tumaini lenye tarehe na masharti unayoyaelewa ni kitu kimoja, tumaini la njoo kesho ni kitu kingine kabisa, na hili la pili halimruhusu mtu kuzoea popote, sio ndani wala nje.

Na aliyefungwa bila kosa? Huyu kuzoea kwake ni kugumu kuliko wote maana kila hatua ya kukubali inafanana na kukiri. Mifumo mingi ya paroli inataka uonyeshe majuto, ukisema sikufanya wanaandika hajakubali kosa, bado hatari. Ambaye alifanya kweli analia mbele ya bodi anatoka, ambaye hakufanya anakaza uzi anabaki. Hapo sina cha kuongeza.

Upande wa pili wa shilingi lazima usemwe, tena usemwe vizuri, kwa sababu wapenda haki za wafungwa wana tabia ya kuupita mbio. Kuna familia ambayo nayo imefungwa maisha na haikuua mtu. Mama aliyezika mtoto hana bodi ya kumwangalia upya baada ya miaka 15, hana karakana wala kozi, naye amezoea pia, amejifunza kukaa na kiti kitupu. Ukimwambia muuaji wa mwanao sasa anasoma shahada na ametulia moyo, unategemea aseme nini, hongera? Wapo wanaosamehe na nawavulia kofia, lakini asiyesamehe hana kosa lolote. Na kuna watu ambao kwa kweli hawafai kutoka, tusidanganyane, hatari yao haipungui kwa kuzeeka wala kwa kuokoka. Kambi ya kwanza ikisema adhabu lazima iwe na uzito wa kilichopotea, wana hoja, na mimi siwezi kuiondoa kwa maneno matamu.

Tatizo langu na wao ni kwamba wanaangalia utulivu wa mfungwa kama ushahidi kwamba adhabu haijafika, wakati huo huo wanakataa kuuchukua kama ushahidi kwamba mtu amebadilika. Chagueni kimoja. Ukiwauliza askari magereza karibu popote watakwambia wafungwa wa maisha ndio nguzo, hao ndio hawataki fujo, ndio wanaotuliza madogo wakorofi, kwa sababu wale ndio wanaoishi pale, wengine wanapita tu. Jimbo la Maryland Marekani, baada ya hukumu ya mahakama ya 2012 iliyokuta majaji wa zamani walikuwa wanawaelekeza vibaya wale raia wanaokaa mahakamani kuamua kama mtu ana hatia, walitoka wazee karibu 200 waliokuwa na kifungo cha maisha, na waliorudi jela kwa makosa mapya ni wachache mno. Ndio unaweza kusema mzee wa miaka 64 ana nguvu gani ya kuua, sawa kabisa, sasa kama hana nguvu hiyo tunamlinda nani kwa kumweka ndani?

Maana wanazeeka, hilo nalo. Kwenye hesabu zile za Marekani za 2020 karibu thuluthi moja ya wafungwa wa maisha walikuwa wamefika miaka 55 na zaidi. Gereza limejengwa kwa ajili ya vijana, vitanda vya juu, ngazi, foleni ya kusimama, kengele ya alfajiri, na sasa lina watu wa fimbo na wa nepi. Gereza linaloitwa Angola kule Louisiana, Marekani, ambako wengi wakiingia hawatoki, lina huduma ya kuwatunza wanaokufa tangu 1998, na wanaowatunza ni wafungwa wenzao, wanawaosha, wanawalisha, wanakaa nao zamu usiku ili mtu asife peke yake. Majeneza yanatengenezwa na wafungwa hapo hapo na makaburi yako ndani ya eneo la gereza. Sijui niiweke wapi hii kwenye mizani. Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyovisoma kuhusu kifungo cha maisha, muuaji anamshika mkono muuaji mwenzake anayekata roho, na ni kibaya pia, maana yule anayeosha anajua mwili anaoufanyia mazoezi ni wake.

Kuna watu wawili huwa nawafikiria nikisikia neno "amezoea". Wa kwanza ni Paul Geidel, aliingia jela New York mwaka 1911 akiwa na miaka 17 kwa kesi ya mauaji. Mwaka 1974 wakamwambia toka, akakataa, alishazoea, hakuwa na kwa kwenda. Akakaa tena mpaka Mei 1980, jumla miaka 68 na zaidi. Wa pili ni Joe Ligon wa Pennsylvania, aliingia jela 1953 akiwa na miaka 15 akahukumiwa maisha. Naye alipewa nafasi ya kutoka kwa paroli 2017 akakataa. Ukiwaangalia kwa mbali utasema ni kitu kimoja, wazee wameshakuwa sehemu ya ukuta. Lakini Ligon alikataa kwa sababu hakutaka kutoka huku ana msimamizi wa kuripoti kwake mpaka afe, alisema akitoka anataka awe huru kweli, akarudi selo kusubiri, na wakili wake akapambana mpaka Februari 2021 akatoka bila sharti lolote akiwa na miaka 83. Alivyofika mjini alikuwa anaangalia maghorofa tu.